Marehemu Chiriku

Tarehe 3 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimeanza na hiyo kwa sababu nakujua: hata uwe umenikasirikia namna gani, huwezi kuiacha shikamoo ya mtu hewani bila kuiitikia. Hujambo? Goti la kushoto bado linakusumbua ukiinuka kwenye kigoda cha kukamulia? Na Baba, kile kikohozi chake cha vumbi la mbao kimepungua?

Mimi ni mzima. Nimepanga chumba juu ya duka la rangi, ngazi zinanuka tapentaini na dirisha langu linatazamana na ukuta wa jirani. Kazi yangu ni kutengeneza meno bandia. Usicheke kwanza. Tuko wanne kwenye karakana, kila mtu na taa yake na koti lake jeupe. Madaktari wa meno wanatuletea vinywa vya watu vilivyochukuliwa umbo kwa jasi, sisi tunachonga na kung'arisha, mwenye kinywa anakwenda kula nyama. Fundi mkuu anasema mkono wangu ni mwepesi, tatizo ni mdomo. Nasema tangu asubuhi mpaka jioni. Unajua nimeurithi kwa nani.

Na mdomo huo huo ndio ulionifikisha kwako. Mwezi uliopita alikuja daktari wa mifugo kurekebisha jino lake, akawa anatusimulia mahali anapotibu ng'ombe, nyuma ya ukuta mrefu. Watu wote wamevaa kijivu, wanafanya kazi kimya, salamu hawaitikii, isipokuwa mama mmoja wa zizini ambaye humweleza tabia za kila ng'ombe mpaka anachelewa kuondoka. Niliacha jino la watu mezani. Nikamwambia, huyo ni mama yangu. Kaniahidi atakupa barua hii mkononi na kunirudishia jibu.

Sasa jambo lenyewe. Kuna watu wanatengeneza filamu ya runinga, vipindi vinne, kuhusu sisi tuliozaliwa na kukulia ndani ya Nyumba, nyuma ya ukuta huo. Wamewapata wenzangu kadhaa waliotoka. Kiongozi wao ni mwanamke wa rika langu, namwita Dada wa Kamera. Alinikalisha kwenye kiti akaniuliza kuhusu kengele, kuhusu Baba Mkuu alivyokuwa akitupangia hata siku ya kuoga, kuhusu sisi watoto kuondolewa kwa mama zetu tukifika miaka saba tukalale bwenini. Nilijibu yote bila shida, kama ninayesoma tangazo. Halafu akauliza, "Kuna uliyemwacha ndani ambaye una hamu naye?" Mama, sauti ilikwama. Mimi, Chiriku! Walizima kamera wakaniletea maji.

Nina hamu na wewe. Miaka saba nimejifanya nimezoea, na sijazoea. Filamu hiyo sijaamua kama nitaendelea nayo. Ukisema ninyamaze nitanyamaza. Nijibu, hata mstari mmoja.

Mwanao,
Chiriku

* * *

Tarehe 20 Machi

Kwa marehemu binti yangu,

Marahaba, marahaba, na nyingine ya akiba. Goti ni lile lile. Baba yako anakohoa na anakataa kwamba anakohoa. Mimi ni mzima, ila nilipoisoma barua yako nilikaa kwenye majani, na yule ng'ombe wa pembe moja akaja kunilamba kichwa kuhakikisha kama nipo.

Usishtuke nikikuita marehemu. Ulikufa, mwanangu. Ulipojificha kwenye lori la unga ukaenda zako, siku ya tatu tulikuzika. Ndivyo afanyiwavyo kila anayetoka, ila ninyi watoto hamkuambiwa. Mwalimu wenu wa kuimba, yule mliyeambiwa amekufa kwa homa, hakuwa na homa wala mafua. Alitokea mlango wa nyuma, viatu mkononi. Humu ndani kutoka na kufa ni jambo moja. Jeneza ni lile lile, nyimbo ni zile zile, na juu ya kaburi tunaweka chombo cha kazi cha marehemu. Juu ya lako upo ufagio wako wa bwenini.

Jeneza alilitengeneza baba yako. Alipomaliza tukaona ni fupi. Ulikuwa na miaka ishirini na mbili, unampita yeye kimo, naye alikata mbao za mtoto wa miaka saba, maana ndivyo ulivyokuwa ulipotoka mikononi mwetu kwenda bwenini. Tuliweka ndani godoro lako na mawe kidogo, wabebaji wasijisikie wapumbavu, tukakuzika, kaburi la tatu kutoka kwenye uzio.

Najua utaniuliza, Mama, mbona unaniandikia na sheria inakataza? Nimelifikiria sana jambo hili nikikamua. Sheria inasema tusizungumze na aliyetoka. Lakini aliyetoka amekufa, na kuzungumza na wafu kunaruhusiwa, tena Jumamosi jioni wafiwa tunapewa saa nzima makaburini, mpaka kengele. Mimi huchukua ndoo ya maji nikaja kwako, nikamwagilia maua yako, nikakupa habari zote za wiki. Basi barua hii ni Jumamosi iliyowahi kidogo. Aje mtu anionyeshe nimekosa wapi.

Hao wa kamera waambie unachotaka. Maiti hana wa kumfunga mdomo. Ila usinitaje mimi, wala daktari, wala barua hizi. Na usiniambie nitoke. Hilo usiliguse.

Meno ya mbele ya juu yameng'oka manne. Nikicheka nafunika mdomo kama bibi harusi. Ungenicheka sana.

Mama yako

* * *

Tarehe 9 Aprili

Mama mfiwa,

Shikamoo, na pole kwa msiba. Nimechelewa kuja kukupa pole, nilikuwa chini ya udongo.

Nilicheka, nikalia, nikakasirika, halafu nikaisoma upya nikaanza tena kucheka. Fundi mkuu alidhani nimevuta gundi. Mwalimu wa kuimba! Nililia wiki nzima kwa ajili ya mtu aliyekuwa anakunywa chai mahali. Nimemwambia Dada wa Kamera kwamba nimesikia tu fununu, sikusema kwa nani, naye amemtafuta mpaka amempata. Mwalimu ameyaeleza mazishi yote mbele ya kamera, kwa hiyo hakuna wa kukushuku wewe.

Kila nikifika kwenye mstari wa jeneza fupi naikunja barua.

Lakini kuna hili nitalisema hata likikuudhi. Mama, unamwagilia godoro. Mimi siko pale. Mimi ndiye huyu ninayekula, ninayeumwa kichwa, ninayetaka kujua huyo ng'ombe pembe yake ya pili ilikwenda wapi. Jumamosi jioni unapoyasimulia maua, mimi nafua nguo kwenye beseni na hakuna anayenisimulia kitu.

Haya, meno. Nimempa daktari mfuko. Ndani mna unga wa kuchukulia umbo, chano cha chuma cha kuingia mdomoni, na jasi ya kumiminia baadaye. Nimemfundisha, akajaribia kwa fundi mkuu. Anasema ameshatia mkono kwenye vinywa vibaya kuliko hicho. Wewe kaa kwenye kigoda, fungua mdomo, pumua kwa pua, na usiseme neno mpaka unga ugande. Najua hilo la mwisho ndilo kazi.

Ulisema nisiliguse. Sijaligusa. Nimepita kando yake tu: chumba changu kinatosha vitanda viwili, nimepima.

Mwanao,
Chiriku

* * *

Tarehe 2 Mei

Chiriku wangu,

Marahaba. Pole zako zimepokelewa, na wewe pole kwa kufa.

Kazi imefanyika zizini mchana kweupe. Daktari akasema fungua, nikamwambia asinishike pembe. Akanijaza mdomo tope la waridi lenye ladha ya dawa, akasimama ananitazama kama anayesubiri nizae. Sikusema neno. Ng'ombe wote waligeuka kuniangalia, hawajawahi kunisikia kimya. Kinywa changu anakuletea kimefungwa kwenye kitambaa. Usikionyeshe watu ovyo, kina aibu zake.

Pembe ya pili ilivunjikia kwenye lango, alikuwa anataka kutoka. Usiniambie kitu.

Umesema namwagilia godoro. Imeniuma kwa kuwa ni kweli. Sasa nisikilize na mimi. Walikuchukua una miaka saba. Kuanzia hapo nikawa nakuona kwenye mstari, kijivu katikati ya kijivu, unakwenda chakula, unarudi chakula, na nikikuita mwanangu naitwa kwenye kikao. Ulikuwa hatua chache kutoka kwangu miaka yote ile na sikuwa na pa kuyaweka maneno yangu. Halafu ukaondoka bila kuniaga. Ndipo wakanipa kaburi. Wakaniambia, mama, huyu ni wako, kaa naye saa nzima, sema naye. Ulipokuwa hai walininyima wewe, wakanipa ulipokufa. Nikaenda pale nikasema mpaka koo likakauka. Unaona sasa kwa nini nalipenda lile tuta?

Na huko nje mimi si mtu. Niliingia humu msichana, sijui chochote cha dunia hiyo. Hapa angalau ng'ombe wananijua.

Baba yako amekula vizuri wiki hii. Sijamwambia kuhusu barua. Yeye anaamini umekufa na anaamini umetoka, yote kwa pamoja, na wala hayagombani kichwani mwake.

Mama yako

* * *

Tarehe 28 Mei

Mama,

Shikamoo. Kinywa chako kiko mezani kwangu.

Nilisubiri wenzangu watoke kula ndipo nikafungua kitambaa. Nimeshika mamia ya vinywa vya jasi, Mama, najua kinywa ni kazi tu. Hiki nilishindwa kukishika kama kazi. Jino lako la pembeni limejipinda kama langu, sikujua. Nilipitisha kidole kwenye kaakaa lako polepole mpaka nyuma. Ndiyo mara ya kwanza nimekugusa tangu nilipokuwa na miaka saba. Nililia kwenye koti jeupe la watu.

Nimekuelewa kuhusu kaburi. Bado nina wivu nalo, lakini nimekuelewa.

Meno haya hapa, manne, yana vishikizo vya waya vya kushika meno ya jirani. Sikuyafanya meupe mno, nimeyapa rangi ya umri wako, mtu asikuulize kama yameota. Ukienda kulala yatoe uyaweke kwenye maji safi. Yakikubana pahali mwambie daktari, nimempa tupa ndogo, na nimemwonya asitumie ile ya kwato.

Sasa naligusa, Mama, unisamehe. Kipindi cha kwanza kitaonyeshwa katikati ya Julai. Habari itafika huko ndani hata kama hamna runinga, na lango litafungwa. Hata daktari hataingia. Hatutakuwa na njia. Kwa hiyo nimeomba ruhusa kazini. Jumamosi tarehe 20 Juni, saa yenu ya wafiwa, nitasimama nje pale maziwa yanapopakiwa, kando ya barabara. Lango huwa wazi gari la maziwa likiwepo, daktari kaniambia. Nitavaa njano ili usinichanganye na mtu. Usibebe kitu. Njoo tu ulivyo, na ndoo yako ukitaka.

Njoo, Mama. Sitasema mengine.

Mwanao,
Chiriku

* * *

Tarehe 22 Juni

Mwanangu,

Nimekuona.

Nilisimama nyuma ya kibanda cha makopo ya maziwa, penye ubao uliobanduka. Lango lilikuwa wazi kama ulivyosema. Ulikuwa umevaa njano kama kifaranga, unasimamia mguu mmoja na kukwaruza mwingine, mchezo wako wa tangu hujajua kuongea. Umekonda. Shingo imekuwa ndefu. Ulipochoka ukakaa juu ya kopo, dereva akakugombeza, ukamjibu, naye akacheka akakuachia. Sikusikia ulichomjibu. Ningetoa ng'ombe mzima kusikia ulichomjibu.

Nilikuwa na ndoo mkononi na meno yako mdomoni. Yamekaa vizuri, hayabani popote. Kutoka pale nilipokuwa mpaka ulipokuwa hata kuku asingeona mbali. Nikaiambia miguu twende. Ikagoma, mwanangu. Nilitaka kukuita nikajikuta nimejiziba mdomo kwa kiganja, kama enzi za mapengo, na mapengo sina tena. Sijui kukueleza zaidi ya hapo. Niliogopa lango lililo wazi kuliko nilivyowahi kuogopa lililofungwa.

Kisha nikarudi makaburini, nikakaa pale kwako, nikakusimulia kwamba nimekuona.

Usinisubiri tena. Una ujana wako. Na hayo meno nayavaa Jumamosi tu, nikija kwako.

Mama yako

* * *

Tarehe 19 Julai

Mama,

Shikamoo. Nilinyamaza kwa hasira, nakuambia wazi. Ulikwenda kunisimulia mimi kwamba umeniona mimi, na mimi nilikuwa nje pale nameza vumbi la barabara! Nilikaa wiki nzima sisemi karakanani. Wakanipeleka kwa daktari wakidhani ni homa.

Hasira imekwisha. Hamu haijaisha.

Jana kipindi cha kwanza kimeonyeshwa. Tulitazama wote nyumbani kwa fundi mkuu, mkewe akapika, watoto wakakaa sakafuni. Nilijiona mkubwa kwenye kioo, nywele zimesimama upande mmoja. Nikajisikia nasema, "Walinizika. Sijafa. Niko hapa." Mtoto wa fundi akanishika mkono kuhakikisha. Baadaye watu wasionijua walinisimamisha dukani wakaniambia pole. Mwalimu wa kuimba alinipigia simu akaimba wimbo mzima, akakata.

Sikukutaja. Lakini kila nilipokuwa nasema na kamera nilikuwa nasema na wewe, na ukiitazama siku moja utajua.

Leo asubuhi daktari alirudishwa langoni. Wamemwambia ng'ombe hawaumwi tena. Barua hii ameiweka kwenye kisanduku chake cha sindano, anasema atajaribu kila wiki. Kwa hiyo sijui utaisoma lini. Kula. Mtunze Baba kifua. Yale meno vaa kila siku, usiyavae Jumamosi tu, sikuyatengenezea maua.

Mwanao,
Chiriku

* * *

Tarehe 5 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Ile ya Julai bado iko kwenye kisanduku cha daktari, na hii sijui naiandikia nani.

Jana Dada wa Kamera alikwenda kwenye barabara ya kilimani, pale unapoweza kuyaona makaburi juu ya uzio. Alitaka picha ya kufungia kipindi cha mwisho. Leo aliniita niitazame kabla ya wengine, akanifungia mlango, akaniwekea kiti karibu. Nikahesabu kutoka kwenye uzio. Kaburi langu halipo, Mama. Pamelimwa, pana matuta ya maharage yaliyoanza kuchipua.

Na mwishoni mwa safu kuna kaburi jipya, udongo bado mwekundu. Juu yake kimewekwa kigoda cha kukamulia.

Nilimwambia arudishe nyuma, akarudisha. Nikamwambia akuze picha, akakuza. Kigoda. Huko ndani kutoka na kufa ni jambo moja, uliniambia mwenyewe, na nilicheka. Sasa nimekaa na kaburi hilo mbele yangu na sijui nilie au nifagie chumba. Nimempigia daktari tangu mchana, simu inaita tu, hapokei. Mwenzangu mmoja kaniambia nivae nyeusi, mwingine kaniambia ninunue godoro. Nimenunua godoro. Liko sakafuni na karatasi yake, sithubutu kulifungua.

Kama nimekuua kwa kusema, sijui nitaishi vipi na mdomo huu. Kama umetoka, Mama, uko wapi? Mbona hujaniita?

Nina hamu na wewe. Kesho alfajiri napanda basi nakuja kusimama langoni, wanifukuze tu.

Mwanao

* * *

Tarehe 5 Oktoba

Chiriku wangu,

Marahaba zote ulizonidai. Nakuandikia nikiwa nyumbani kwa daktari wa mifugo, nimekaa kwenye kiti cha kuzunguka, na kila nikishika kalamu kiti kinanigeuza ukutani. Daktari amekwenda kuzalisha mbuzi, simu yake ameiacha inachaji hapa. Imelia tangu mchana na kwenye kioo inaandika Binti wa Meno. Nimeishika mapajani kama kifaranga. Sijui inapokelewaje. Nimeiambia tu, nipo mwanangu, nipo, ikanyamaza, ikaanza tena.

Mimi ndiye niliyemkataza asikuambie mapema. Nilitoka Alhamisi. Nikamwambia daktari, usimwite kwanza, nataka nizikwe. Mtu haondoki msibani kabla ya mazishi, si adabu, na huu ulikuwa msiba wangu.

Ilianzia kwako. Habari za filamu zilifika, sijui kwa mlango gani, na Baba Mkuu akatangaza kwamba wafu waliosema hadharani hawastahili kaburi. Wiki iliyopita Jumamosi nilikuja na ndoo yangu nikakuta matuta ya maharage. Ufagio wako wameutia motoni. Nilisimama na maji yangu. Kijana mmoja akaniambia, Mama, mwagilia tu, hata maharage yanahitaji. Nikamwagilia, mwanangu. Nilimwagilia maharage mpaka ndoo ikaisha, halafu nikafungua mdomo nikusimulie habari za wiki, nikakuta hupo. Kwa mara ya kwanza hukuwepo. Nikajiuliza, sasa yuko wapi? Jibu likaja lenyewe: yuko juu ya duka la rangi, anafua nguo.

Alhamisi gari la maziwa lilipokuja nilibeba kopo kama kawaida, nikalipakia, nikaendelea kutembea. Hakuna aliyeniuliza, ni mimi niliyeuliza watu barabarani nyumbani kwa daktari wa ng'ombe mpaka nikafika. Nilikuwa nimevaa meno.

Juzi daktari alinipeleka kilimani, nikalala kwenye gari lake katikati ya magunia ya chumvi ya ng'ombe, nachungulia. Nimeyaona mazishi yangu. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, hata wale wasionipenda walilia vizuri. Jeneza alilitengeneza baba yako, na lilikuwa kimo changu hasa, hajakosea hata kidogo. Wakaimba, wakafukia, akaweka kigoda. Kisha wakawaachia wafiwa saa yao. Mfiwa alikuwa mmoja.

Baba yako, unavyomjua, maisha yake yote kengele haijawahi kumkuta amekaa. Alikaa chini kwenye udongo, akavua kofia, nikaona mdomo wake unakwenda. Alikuwa anasema. Miaka arobaini ya ndoa nimesema mimi, yeye anaitikia kwa pua, na sasa alikuwa anasema bila kupumzika na mimi niko huku juu kwenye chumvi, sisikii hata neno. Kengele ikalia. Hakuinuka. Ikalia ya pili, wakaja wawili wakamgusa bega, akaikung'uta mikono yao akaendelea kusema. Nilishika kitasa cha mlango wa gari. Nakuambia ukweli wangu: nilikifungua. Mguu mmoja ulikuwa chini.

Kisha nikakukumbuka na njano yako juu ya kopo la maziwa. Nikaurudisha mguu ndani.

Jumamosi ijayo atakuja tena, atanisimulia mengine. Nitakuwa najua saa na sitakuwepo. Sasa najua ulichokuwa unanililia kwenye barua ya Aprili, nisamehe nilichelewa kukielewa.

Daktari anakwenda mjini kesho alfajiri kununua dawa, atakuletea hii mkononi kabla hujatoka kwenda kazini. Anasema nije naye nikakushtue. Nimekataa, nataka unikute nimekaa, nimeoga, nimechana nywele. Baada ya hapo tutapanda basi. Kituo kiko ng'ambo pale, nakiona kutoka dirishani. Ila njoo unishike mkono, mwanangu, magari ni mengi na mimi sijui kuvuka barabara.

Mama yako